Kompyuta Kuukuu za Vikundi: Linux Ikiacha Kuzihudumia, Tufanyeje?



Katika matembezi yangu ya vikundi huku Kuria Mashariki, tangu mwaka 2025 nimeulizwa swali moja mara nyingi, hasa na makatibu na waweka hazina. Wanasema hivi: "Tuliambiwa Linux ni ya bure na inakubali hata kompyuta ya zamani. Sasa fundi anatuambia eti kompyuta yetu imekataliwa. Ni kweli?"

Ni kweli kwa kompyuta zingine, na si kweli kwa zingine. Kutojua tofauti hiyo kunaweza kukipotezea kikundi mali. Wacha nianze na yale yaliyotokea hapa kwetu, halafu nieleze sababu.

YALIYOKIPATA KIKUNDI KIMOJA

Kipo kikundi cha akina mama upande wa Nyabasi, si mbali na Kegonga. Jina lake naliacha kwa sababu hawakunipa ruhusa ya kuliandika. Wako ishirini na wanne. Kila wiki wanaweka akiba na kukopeshana, na msimu wa mavuno wananunua mahindi kwa pamoja na kuyaweka ghalani mpaka bei ipande. Kompyuta zao ni mbili. Ya kwanza ni ya mezani, yenye sanduku la rangi ya maziwa na skrini nzito ya kioo kinene, waliyopewa na shule iliyokuwa ikibadilisha mashine zake. Ya pili ni laptopu ya mitumba waliyoinunua kwa pesa yao wenyewe. Kijana mmoja aliwawekea Linux ya aina ya Debian katika zote mbili kwa kutumia flashi ileile moja. Kazi ikaenda vizuri kwa miaka kadhaa: hesabu za mikopo, barua kwa chifu, orodha ya wanachama.

Tarehe 9 Agosti 2025 Debian ilitoa toleo lake jipya, la 13. Baada ya hapo fundi mwingine akaja kuwawekea hilo jipya. Alichomeka flashi katika ile ya mezani na kuiwasha. Mashine ikaandika kwa Kiingereza kwamba kiini cha Linux hii kinataka prosesa ya biti 64, lakini iliyoonekana ni i686 tu, kwa hiyo haiwezi kuwaka. Akaigeukia laptopu. Hakuchomeka flashi. Aliandika amri fupi ya kuuliza aina ya mashine, nayo ikajibu: i686. Basi akatoa hukumu. Zote mbili zimekufa, na kwa vile yeye ni mtu wa karibu, atawaondolea mzigo na kuwapa shilingi elfu mbili, kama bei ya vyuma kuukuu.

Mweka hazina wao, mama mtu mzima aliyezoea kupima magunia, alinipigia simu jioni ile.

"Mwanangu," akaniuliza, "mtu hununua maiti?"

"Kwa nini, mama?"

"Kama zimekufa, huyu anazitakia nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Mimi nilisomea kazi ya jamii, sikusomea kompyuta. Nikamwambia wasiuze kitu mpaka nirudi, nikaenda kuwauliza wanaojua na kuandika kila kitu daftarini. Haya ninayowaeleza ni yale niliyojifunza kwa ajili ya mama yule. Niliporudi tulikuta kwamba kweli ile ya mezani imefika mwisho wa njia na Debian mpya. Laptopu lakini ilikuwa nzima kabisa.

LINUX NI YA NANI?

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland. Tangu hapo maelfu ya watu wa nchi nyingi wameichangia. Wengine wanalipwa na makampuni, wengine wanajitolea. Kile alichoandika yeye ni kiini, yaani sehemu inayozungumza na vyuma vya kompyuta. Juu ya kiini hicho makundi mbalimbali hupanga programu zingine na kukupa ikiwa tayari. Fikirieni unga wa mahindi. Mahindi ni yaleyale, lakini kila msagaji ana mfuko wake, jina lake na namna yake ya kukoboa. Debian ni mfuko mmoja, ulioanza mwaka 1993, na unaendeshwa na watu wa kujitolea. Ubuntu ni mwingine, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na unasagwa kutokana na Debian. Jina lake ni lile neno ambalo sisi twalisema utu.

Mifuko hii ilitufikia Afrika Mashariki mapema. Ubuntu ilikuwa ikituma diski zake bure kwa posta mpaka mwaka 2011, na mtu mwenye sanduku la posta alizipokea bila kulipa hata senti. Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Hapa Kenya shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002 kukusanya kompyuta zilizotumika, kuzitengeneza na kuzipeleka shuleni. Kompyuta nyingi za wakati ule zilikuwa za aina ya Pentium 3 na Pentium 4. Nazo ndizo zinazoishia leo mikononi mwa vikundi, maana shule ikipata mpya, ile ya zamani hutafutiwa jirani.

BITI 32 NA BITI 64

Hapa naomba uvumilivu kidogo, kwa sababu jambo lote liko hapa.

Prosesa ni ubongo wa kompyuta. Biti ni nafasi ya kuandikia namba. Chukueni daftari la wanachama ambalo mstari wa namba una nafasi ya tarakimu mbili tu. Mtaandikisha watu mpaka 99, na wa mia hatakuwa na mahali. Prosesa ya biti 32 ina nafasi 32 za kuandika anwani za vyumba vya kumbukumbu. Ukipiga hesabu unapata vyumba 4,294,967,296, ambavyo ni gigabaiti 4. Zipo njia za kuzunguka mpaka huo, lakini ni kama kubandika karatasi pembeni ya daftari. Prosesa ya biti 64 ina nafasi nyingi kiasi kwamba hakuna kikundi kitakachozijaza.

Kampuni ya AMD ndiyo iliyotoa prosesa hizi za biti 64 mwaka 2003, na Intel ikafuata mwaka 2004. Lakini mabadiliko hayakuja siku moja. Kwa miaka kadhaa dukani ziliuzwa zote mbili kando kwa kando. Kuna laptopu ndogo za mwaka 2008 zenye prosesa ya Atom N270 ambazo ni za biti 32, na kuna mashine za mwaka 2006 zenye Core 2 Duo ambazo ni za biti 64. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni mpya kidogo kuliko ile," bado hajakuambia kitu.

Sasa sikilizeni mtego uliomnasa yule fundi. Prosesa ya biti 64 inaweza kuendesha Linux ya biti 32 bila kulalamika. Ni sawa na lori la tani saba kubeba magunia mawili. Kijana wa kwanza alikuwa na flashi moja, ya biti 32, akaiweka katika mashine zote mbili. Fundi wa pili alipoiuliza laptopu aina yake, amri aliyotumia, uname -m, haijibu juu ya prosesa. Inajibu juu ya kiini cha Linux kilichowekwa. Aliuliza habari za magunia akadhani ameuliza habari za lori.

Amri inayofaa ni lscpu. Ukiiandika, kati ya mistari ya kwanza utaona mmoja unaotaja namna ambazo prosesa inaweza kufanya kazi. Ikiandikwa "32-bit, 64-bit", mashine yenu ni ya biti 64, hata kama Linux iliyomo ni ya 32. Ikiandikwa "32-bit" peke yake, hapo fundi amesema kweli. Kwa ile laptopu zilikuwepo zote mbili. Mama mweka hazina alivaa miwani yake akausoma mstari huo mara tatu, herufi kwa herufi, kisha akamwambia katibu auandike katika kumbukumbu za mkutano.

KWA NINI WAMEACHA KUZIHUDUMIA?

Wengi wanadhani ni hila ya kutulazimisha kununua. Kwa kampuni inayouza, huenda ukawa na sababu ya kushuku. Lakini Debian haiuzi kompyuta wala haitozi pesa. Sababu yao ni nyingine, na mtu yeyote aliyewahi kuendesha kikundi ataielewa: wafanyakazi hawatoshi.

Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina vifurushi vya programu zaidi ya elfu sitini. Kwa kila aina ya prosesa inayohudumiwa, vifurushi hivyo vinapaswa kutengenezwa upya, kujaribiwa, na kurekebishwa kasoro zinapogunduliwa. Mtu anayejitolea kujaribu anahitaji kuwa na mashine ya aina hiyo mezani kwake. Huko Ulaya na Marekani waliko wengi wao, mashine za biti 32 zilishatupwa zamani. Yule aliyekuwa akizijaribu amezeeka au amepata kazi nyingine, na hakuna aliyeshika nafasi yake.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2018. Januari mwaka huo iligunduliwa kasoro katika prosesa zenyewe, iliyopewa jina la Meltdown, ambayo ingeweza kumruhusu mwizi kusoma siri zilizo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Dawa yake kwa Linux ya biti 64 ilikuwa tayari mwezi uleule. Dawa ya namna hiyo kwa biti 32 iliingia katika kiini cha Linux toleo la 4.19, lililotoka Oktoba. Miezi tisa! Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wagonjwa wa chumba kile walikuwa wamebaki wachache, na daktari wao alikuwa mmoja.

Kuna na mambo ya tarehe. Linux huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Katika mpango wa zamani wa biti 32, nafasi ya kuandika hesabu hiyo itajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Baada ya hapo programu za namna hiyo zitarudi nyuma na kudhani ni Desemba 1901. Mtu atasema 2038 ni mbali. Lakini kikundi kinachoandika leo mkataba wa kukodi shamba kwa miaka kumi na mitano tayari kinaandika tarehe za mbele ya hapo. Debian 13 imezirekebisha aina zingine za biti 32 kwa jambo hili, ila hii ya Pentium wameiacha ilivyo, ili programu za zamani zisivunjike.

Basi mlango ulifungwa kidogo kidogo. Torvalds alianza kazi yake mwaka 1991 kwa prosesa ya 386, na Desemba 2012 hiyohiyo 386 ikatolewa katika kiini cha Linux naye akikubali. Ubuntu iliacha kutoa diski mpya ya kawaida ya biti 32 mwaka 2017. Fedora ilifuata mwaka 2019, na Linux Mint mwaka 2020. Debian ndiyo iliyovumilia muda mrefu. Katika toleo la 13 la mwaka 2025 imesema wazi kwamba hakuna tena kiini wala programu ya kuisimika kwa kompyuta za Pentium za biti 32. Tena imewashauri wenye mashine hizo wasijaribu kupandisha toleo. Waweke ya biti 64 kama prosesa inakubali, ama waistaafishe mashine.

Nina jambo moja linaloniuma kidogo hapa, na naomba nilitoe. Juni 2019 Ubuntu ilitangaza kwamba itaondoa hata programu zote za biti 32 zilizobaki. Kelele zikapigwa, na kwa siku chache tu wakarudi nyuma na kuahidi kubakiza zile zinazohitajika sana. Kelele zilitoka kwa nani? Hasa kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta na kampuni inayowauzia michezo hiyo. Sina ugomvi nao. Lakini shule ya kijijini yenye Pentium 4 kumi na mbili haikuwa na mtu katika mazungumzo yale, wala haikujua kuwa yanafanyika. Najua wanaojitolea hawawezi kubeba kila mzigo. Hata hivyo wanaobaki na mashine za zamani ni wale wenye uwezo mdogo wa kuzibadilisha, na wanapata habari wa mwisho.

KINACHOKOMA NI MAREKEBISHO

Hebu tuelewane. Kompyuta iliyoachwa haizimiki usiku wa manane. Ile ya mezani ya akina mama inawaka leo kama ilivyowaka jana. Wazee wenye gari la Peugeot 504 wanajua hali hii: gari linatembea, ila siku likiharibika unatafuta kipuri mpaka Isebania na hukipati. Kwa kompyuta, kipuri kinachokosekana ni marekebisho ya usalama. Kila mwezi zinagunduliwa kasoro mpya ambazo wezi wa mtandao wanaweza kupitia, na watunzaji hutuma viraka vya kuziba. Huduma ikikoma, viraka havitumwi tena, na tundu linabaki wazi likijulikana na kila mwizi.

Debian 12 ndiyo ya mwisho kwa mashine za biti 32, na huduma yake ya muda mrefu imepangwa kufika tarehe 30 Juni 2028. Kwa hiyo mwenye Debian 12 hana sababu ya kukimbia ovyo, lakini ana tarehe ya kuandika ukutani.

Hata kabla ya tarehe hiyo kuna kitu kingine kinachokoma, nacho ni programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Chrome iliacha Linux ya biti 32 tangu Machi 2016. Firefox nayo imeacha: toleo la 144 la mwaka 2025 lilikuwa la mwisho, na walioko katika toleo la muda mrefu, la 140, waliahidiwa huduma mpaka Septemba 2026. Jambo hili litawagusa mapema kuliko Linux yenyewe. Programu ya kurasa ikizeeka, tovuti za benki na za serikali huanza kukataa kufunguka, au zinafunguka nusu.

Kwa hiyo nawaomba waweka hazina jambo moja kwa msisitizo. Kompyuta isiyopata marekebisho tena isitumiwe kuingia katika akaunti ya benki ya kikundi, wala kufungua barua pepe ambayo namba za siri hutumwa kwake. Afadhali simu ya mwenyekiti inayopata marekebisho kuliko kompyuta kubwa isiyoyapata. Akiba ya watu ishirini na wanne si kitu cha kujaribia bahati.

TULIVYOFANYA

Laptopu ilikuwa na Core 2 Duo na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Haitoshi kwa mapambo, lakini inatosha kwa kazi. Kitu kimoja kilitakiwa kufahamika mapema: Linux ya biti 32 haigeuzwi kuwa ya 64 kwa kubonyeza kitufe kimoja. Inabidi kusimika upya, na kusimika upya kunaweza kufuta kila kitu. Basi kabla ya kugusa chochote, katibu alinakili faili zote katika flashi mbili tofauti. Moja akakaa nayo yeye, nyingine akakaa nayo mwenyekiti. Tukazifungua hizo flashi katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba faili zinasomeka. Nimeona watu wakinakili na kufurahi, kumbe wamenakili faili tupu. Ndipo kijana wa pale kituoni akasimika Debian 13 ya biti 64 akichagua sura nyepesi ya Xfce. Asubuhi moja ilitosha. Hesabu za mikopo zikarudi mahali pake, na mama akazilinganisha na daftari la karatasi, mwanachama mmoja mmoja, kwa sababu daftari la karatasi hawajaliacha na wala wasiliache.

Ile ya mezani ilileta mjadala mrefu. Wengine walitaka iuzwe mara moja. Tukaitazama upya. Inaweza kubaki na Debian 12, bila kuunganishwa na mtandao, ikiandika barua na kufundishia vijana kupiga chapa. Pia zipo Linux ndogondogo zilizokuwa kimbilio la mashine kama hizi, kama Puppy na antiX. Toleo la antiX 23 limejengwa juu ya Debian 12 na lina ya biti 32. Lakini kimbilio hilo nalo linategemea watu wachache wa kujitolea, kwa hiyo sitawaambia ni la milele. Zaidi ya hapo kuna stima. Pentium 4 na skrini yake ya kioo kinene hula wati 150 au zaidi, wakati laptopu hula thelathini hivi. Mwanachama mmoja, mwenye duka na anayejua bei ya tokeni, alipiga hesabu palepale na kuuliza kama zawadi inayokula kila siku bado ni zawadi. Waliamua iwashwe siku za mafunzo tu, na wakakubaliana kwamba Juni 2028 haitapelekwa hatua nyingine.

MKILETEWA AU MKINUNUA

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10. Windows 11 inataka chombo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Maana yake ni kwamba kompyuta nyingi za ofisini za kabla ya hapo zimekataliwa na Windows zikiwa bado na nguvu. Hizo karibu zote ni za biti 64, na Debian au Ubuntu zinazipokea. Kwa kikundi kinachotafuta mashine ya mitumba huu si wakati mbaya, mradi mjue mnachonunua.

Msikubali kununua kompyuta iliyozimwa. Iwasheni mbele ya muuzaji. Ikiwa ina Linux, andikeni lscpu. Ikiwa ina Windows, fungueni ukurasa wa mipangilio unaoeleza habari za mfumo na mtafute mstari wa aina ya mfumo. Pakiandikwa x64 kwa upande wa prosesa, ni ya biti 64, hata ikiwa Windows yenyewe ni ya 32. Tazameni na kumbukumbu. Gigabaiti 4 ndizo ningependa muanzie, ingawa 2 zimewahi kututosha. Kwa laptopu ulizeni betri inakaa muda gani, halafu msiamini jibu, ichomoeni mwone.

Msione haya kuuliza maswali hayohayo kwa msaada. Mgeni akiahidi kompyuta kumi, katibu aandike barua ya shukrani na aombe aambiwe aina ya prosesa kabla hazijapakiwa. Kuna mtu ataona ni utovu wa adabu. Mimi naona ni heshima kwa mtoaji, maana hakuna anayependa kusikia kwamba mchango wake ulikaa ghalani na panya. Tena msifikiri biti 64 ni mwisho wa safari. Red Hat, Linux inayotumiwa na mashirika makubwa, toleo lake la 10 la Mei 2025 halikubali hata prosesa nyingi za biti 64 za kabla ya mwaka 2013. Debian haijafika huko. Ila kikundi chenye busara huweka kidogo katika mfuko wa vifaa kila mwaka, sawa na mnavyoweka kwa ajili ya paa la ghala.

MASHINE IKIFIKA MWISHO KABISA

Mashine ikifa kweli, msiichome moto wala kuitupa shimoni karibu na kisima. Skrini zile nene zina risasi ndani ya kioo, na waya zikichomwa ili kutoa shaba zinatoa moshi wenye sumu ambao watoto ndio wanaouvuta, kwa sababu wao ndio wanaotumwa kuchoma. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea na kufungua vifaa hivi kwa utaratibu. Kusafirisha kompyuta moja kutoka Kegonga ni gharama, kwa hiyo vikundi vya sehemu moja vikusanye kwanza mpaka zifike mzigo wa pikapu, na mtafute gari linalorudi Nairobi tupu.

Na kabla sanduku halijatoka mlangoni, fungueni skrubu za pembeni na mtoe diski. Humo ndani mna majina ya wanachama, namba zao za vitambulisho na nani anadaiwa kiasi gani, na kufuta faili kwa kawaida hakuziondoi kabisa. Yule aliyetaka kulipa elfu mbili angezipata zote. Akina mama wa Nyabasi wamekubaliana kwamba ya kwao itakapotolewa, itapigwa nyundo mbele ya mkutano, na katibu ataandika tarehe.